Gari la Jeshi Limekufa, Kiti Kina Joto

Gari lilikuwa limezimwa. Swichi kuu imekatwa. Ufunguo ninao mimi, mfukoni mwa aproni.

Lakini makalio yangu yalikuwa yanapata joto.

Usicheke kwanza. Ukifika umri wangu, ukahisi joto la ghafla huko chini, wazo la kwanza linalokujia siyo umeme.

Nikainuka taratibu. Nikajipapasa sketi. Kavu.

Nikakaa tena. Joto.

Nikagusa kiti cha dereva hapo pembeni. Baridi kama pua ya mbwa.

Nikajisemea: Gullvi, ama umeanza kuchanganyikiwa, ama gari hili lina homa.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Gari lenyewe zamani lilikuwa la jeshi. Lilibeba askari na redio zao kwenye theluji, jeshi likachoka nalo, likalipiga mnada, mume wangu Torvald akalinunua. La kijani, pembe nne kama sanduku la mkate, na linapita kwenye matope ambayo hata trekta linayaogopa.

Kijijini kwetu Hällberget, Jumatatu ya kwanza ya Septemba watu wanaingia msituni kuwinda elki. Elki ni kama kulungu, ila huyu wa kwetu ana kimo cha farasi na pembe kama makoleo. Nyama yake ndiyo inayotuvusha baridi nzima.

Kikundi cha wawindaji kina sheria ya tangu enzi za mababu. Mwenye msitu ndiye mwenye nafasi.

Sisi hatuna msitu. Tuna nyumba, bustani ya viazi na paka.

Torvald aliingia kwenye kikundi kwa sababu ya gari. Elki akianguka katikati ya kinamasi, nani atamtoa? Mgongo wa mtu hautoshi. Kwa hiyo gari ndilo lilikuwa msitu wetu.

Torvald akafariki Januari. Nafasi ikamwangukia binti yetu Solveig, dereva wa malori ya magogo, mwanamke mwenye shabaha na mdomo. Mimi nikawa dereva wa gari la kijani. Ndiyo, bibi kizee. Leseni ninayo na miwani ninayo.

Ikaja masika, theluji ikayeyuka. Gari likaanza kufa.

Leo linawaka vizuri kabisa. Kesho ukizungusha ufunguo, kimya. Unalichaji, linafufuka. Siku moja mbili, linakufa tena.

Solveig akafungua boksi la betri. Gari la jeshi siyo kama gari lako wewe. Lina betri mbili zilizofungwa moja baada ya nyingine, ili umeme uwe mara mbili ya ule wa gari la kawaida. Akapima.

"Mama, njoo uone maajabu. Hii moja imejaa. Hii nyingine imekufa kifo cha mende."

"Basi ni mbovu. Nunua mpya."

Tukanunua mpya. Ikafa.

Akazibadilisha, ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia kushoto. Ile nzima iliyohamia kulia ndiyo ikafa.

"Kwa hiyo ugonjwa siyo wa betri," akasema. "Ugonjwa ni wa kile kiti inachokalia."

Akang'oa waya mkubwa wa betri, akaweka taa ndogo ya kupimia katikati. Kama kuna kitu kinanyonya umeme kwa siri, taa lazima iwake. Haikuwaka. Akatoa fyuzi moja moja akaifuta. Haikuwaka.

Akalala chini ya gari Jumamosi nzima, mie kazi yangu kumpa spana na kahawa. Jioni ametoka uso mweusi kama fundi wa makaa.

"Gari halina kosa lolote, mama."

"Basi kwa nini linakufa?"

"Muulize baba."

Spana tukazirudisha kwenye sanduku lake chini ya kiti cha abiria, tukaenda kulala.

Asubuhi, betri ya kulia imekufa.

Habari zikafika kwa Evert.

Evert ndiye mwenyekiti wa kikundi. Mzee wa miaka themanini na moja, mrefu, ana ndevu kama ufagio. Yeye na Torvald walikuwa marafiki wa kutaniana tangu shuleni. Huyu mzee sifa yake kubwa ni moja tu: eti hasikii baridi. Glavu anasema ni za watu wa mjini Stockholm. Anakaa msituni kuanzia alfajiri, barafu kwenye ndevu, na ukimuuliza hali anakwambia, "Kidogo leo kuna joto."

Na kila msimu, kiti cha abiria kwenye gari letu kilikuwa chake. Mwenyekiti anakaa mbele na ramani.

Agosti tukakutana kwenye uwanja wa shabaha, kama ilivyo desturi kabla ya msimu. Bunduki zikapigwa, soseji zikachomwa. Evert akasimama.

"Shemeji Gullvi," akaanza. "Torvald tulimpenda wote. Lakini gari lile limeshamfuata kaburini."

Wengine wakacheka. Wengine wakaangalia soseji zao.

"Mjomba Evert, gari linawaka," Solveig akadakia.

"Linawaka likisukumwa. Hata mimi nikisukumwa naweza kuwaka."

Wakacheka tena.

"Klas-Göran, mdogo wake mke wangu, amenunua pikipiki ya magurudumu manne, mpya kabisa. Inavuta elki mzima. Jumatatu ya kwanza gari lenu lisipowaka lenyewe, nafasi anachukua yeye."

Nikamtazama Klas-Göran. Kijana wa miaka sitini, viatu visafi. Akatabasamu kama paka aliyeona mlango wa jikoni uko wazi.

Kurudi aliendesha Solveig. Tulipofika nyumbani akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Baba alinifundisha msitu ule mti kwa mti," akasema. "Watanitoaje, mama?"

Hapo ndipo nilipoumia. Nyama ningevumilia. Kuna viazi.

Kesho yake nikaenda kwa Ragnvald.

Kila mwenye gari la jeshi kwetu anamjua Ragnvald. Ana ghala kubwa limejaa vitu vya jeshi hadi kwenye paa: taa, swichi, makopo ya mafuta, mablanketi, vitu vimefungwa kwenye karatasi yenye grisi tangu mimi nikiwa msichana. Ila kwake kuna adabu. Ukiingia ukataja unachotaka, anakwambia hana. Lazima unywe kahawa kwanza, ununue kitu usichokitaka, ndipo mguu mmoja ukiwa nje unajifanya umekumbuka.

Nikanywa. Nikanunua birika la askari, la tatu hilo. Mlangoni nikageuka.

"Eti Ragnvald, huna altaneta ya gari la Torvald?"

"Inawezekana." Akaipata chini ya mahema. "Na Evert hajambo? Mgongo wake je?"

"Evert? Yule ana mgongo wa chuma."

Ragnvald akacheka mpaka akashika meza. Mie nikaona uzee tu.

Tukafunga altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Tukachaji betri. Tukarudisha spana mahali pake. Solveig akaenda kazini.

Mie nikachukua kikombe cha kahawa nikaenda kulikalia gari matanga. Nikapanda upande wa abiria, kwa sababu upande wa dereva kuna usukani unaonibana tumbo.

Na hapo ndipo tulipoanzia. Makalio. Joto.

Nikaivuta ile ngozi ya kondoo inayofunika kiti. Chini yake kuna turubai la jeshi. Nikachukua kisu cha viazi, nikafumua mshono.

Jamani.

Kulikuwa na mto mwembamba wenye nyaya ndani, kama blanketi la umeme. Waya wake umepita chini ya kiti, umeungana na zile nyaya za kijani za redio ya jeshi. Redio yenyewe ilishang'olewa zamani, na nyaya zake kila mtu anajua hazina kazi. Nikazifuata kwa kidole mpaka kwenye boksi la betri.

Betri ya kulia. Moja kwa moja kichwani, chanya na hasi. Umeme wake haupiti kwenye fyuzi, haupiti kwenye swichi kuu, wala kwenye ule waya mkubwa ambao Solveig aliweka taa yake.

Na chini ya kiti, nyuma kabisa, swichi ndogo kama chunusi. Ukisukuma sanduku la spana mpaka mwisho, sanduku linaibonyeza.

Yaani sisi wenyewe! Kila tulipotafuta ugonjwa, tukirudisha spana, tunauwasha mto. Tulikuwa tunamuua mgonjwa kwa kumtibu.

Solveig aliporudi nikamkalisha kwenye kiti bila maelezo.

Akaruka. "Mama! Nini hiki?"

"Kiti cha nani hiki?"

Akafikiri. Macho yakamtoka. "Mjomba Evert!"

"Mzee asiyesikia baridi."

Tulicheka mpaka paka akakimbia. Mwanaume anayewadharau wenye glavu, kumbe anajibanikia makalio kwa siri kwenye gari la rafiki yake, halafu gari likifa kwa ajili ya makalio hayo hayo, anatutoa sisi!

Mpango ukapangwa. Jumatatu, watu wote wakiwepo, nauvuta ule mto hadharani, namkabidhi. "Shemeji, umesahau godoro lako." Basi. Nani atamsikiliza tena?

Lakini mimi ni mtu wa kupika taratibu. Nikasema kwanza nijue alinunua wapi, ili asipate pa kuruka. Nikaufunga mto kwenye gazeti, nikarudi kwa Ragnvald. Nikanywa kahawa. Nikanunua koleo. Mlangoni nikaufunua.

Ragnvald akavua kofia.

"Kwa hiyo umeupata," akasema.

"Ulimuuzia Evert lini?"

"Evert?" Akatikisa kichwa. "Huo alinunua Torvald."

Nikarudi kukaa.

"Miaka kumi na moja sasa. Ulikuwa wa gari la wagonjwa la jeshi. Evert alikuwa ameanza kushikwa na mgongo, akitoka msituni anashuka garini kama ngazi iliyokunjwa. Torvald akaniambia, huyu nikimpa dawa ataitupa mtoni. Nitamwekea moto chini yake asijue. Atadhani ni ushujaa wake."

"Na Evert hajui?"

"Torvald aliniapisha nisiseme. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anawasha na kuzima, anaingiza mkono chini ya kiti kama anatafuta spana."

Nikakumbuka miaka yote hiyo. Torvald akitafuta spana. Kila safari. Nikimwambia kutoka kiti cha nyuma, "Mzee, spana gani hiyo isiyopatikana?" naye akiguna tu.

Nikalia kidogo. Halafu nikacheka. Halafu nikamuuliza Ragnvald, bila kahawa na bila kununua kitu, kama ana kifaa cha kupunguza umeme wa gari la jeshi uwe wa kutosha mto ule, bila kunyonya betri moja. Akaenda kukileta mbio. Siku hiyo tulivunja adabu zote.

Nyumbani nikamwambia Solveig: mpango umebadilika. Siwezi kuutoa utani wa marehemu hadharani kama nguo ya ndani.

"Sasa nafasi yetu?"

"Kwanza kata huo waya. Gari liwake. Mengine niachie."

Jumatatu alfajiri, ukungu. Watu wote wamezunguka gari, Klas-Göran amekalia pikipiki yake kama bwana harusi. Nikazungusha ufunguo.

Gari likawaka kabla sijamaliza kuzungusha. Likanguruma mpaka mbwa wakabweka.

Evert akakuna ndevu. "Siku moja siyo msimu, shemeji. Jumamosi tukigawana nyama, ndipo tutapiga kura."

"Sawa, mwenyekiti. Panda."

Akapanda. Akakaa. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia.

"Vipi?" nikauliza.

"Kidogo leo kuna joto," akasema. Meno yakagongana.

Mchana alishuka amekunjika kama herufi S. Jumanne akakunjika zaidi. Jumatano, kwa hasira, akasema anapanda na Klas-Göran, usafiri wa kisasa. Ile pikipiki haina paa, haina mlango, na kiti chake ni kigumu kama ahadi ya mwanasiasa. Jioni walimshusha watu wawili.

"Hujambo, mwenyekiti?" nikauliza.

"Sijambo!" akafoka, akiwa bado ameangalia viatu vyake.

Usiku ule Solveig akafunga kazi sawasawa: mto mahali pake, kifaa cha Ragnvald, fyuzi, kila kitu kinapita kwenye swichi kuu. Na kitufe cha kuwashia? Hapa, karibu na goti langu la kushoto. Wa kukiona hakuna.

Alhamisi Evert akarudi kwenye gari letu bila maelezo. Tukaondoka. Tukavuka daraja, tulipofika kanisani nikabonyeza.

Baada ya muda nikasikia pumzi ndefu. Mabega yakashuka. Ramani ikateleza magotini.

"Shemeji," akasema, sauti laini kama siagi. "Sijui gari hili lina nini."

"Hata mimi sijui."

"Mtu ukikaa humu, unasahau umri."

"Ndiyo hivyo. Magari ya jeshi."

Ijumaa vilevile. Mzee akawa anapiga mluzi.

Jumamosi tukawa tunaelekea kwenye banda la nyama. Nikamwasha njia nzima. Tulipobakiza kona moja, nikazima. Ghafla hivyo.

Akageuka. "Mbona…"

"Mbona nini, mwenyekiti?"

"Hamna."

"Nadhani gari linajua linakwenda kupigiwa kura," nikasema, macho barabarani. "Limepata huzuni."

Akapapasa kiti kwa kiganja.

Bandani nyama ilishapangwa kwenye mafungu sakafuni. Desturi yetu, mtu mmoja anageuka ukutani, mwingine anagusa fungu na kuuliza "La nani?", na yule wa ukutani anataja jina bila kuona, ili asipendelewe mtu. Siku hiyo wa ukutani alikuwa Evert. Kura ilikuwa bado, kwa hiyo hakuna aliyejua fungu la mwisho ni la nyumba yetu au la Klas-Göran.

Mafungu yakaisha. Likabaki moja.

"La nani?"

Evert ameelekea ukuta. Solveig akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"La Torvald," akasema Evert.

Kisha akageuka, macho mekundu. "Yaani la Solveig. La nyumba ile. Gari linabaki. Mwenye neno aseme."

Klas-Göran alikuwa na neno, lakini alipotazama nyuso za watu akalimeza.

Hapo nikajipongeza. Nikasema, Gullvi, umempiga chenga mwenyekiti.

Tukarudi garini. Nikawasha injini, nikasubiri, hatujafika mbali nikamwonea huruma, nikabonyeza kitufe changu cha siri.

Evert akangoja mpaka joto likapanda. Kisha akainamia sikio langu.

"Shemeji."

"Naam."

"Torvald alikuwa anawasha tukiwa darajani. Wewe unachelewa. Unawasha kanisani."

Karibu niingize gari mtaroni.

"Ulikuwa unajua?"

"Miaka kumi na moja mtu anatafuta spana chini ya makalio yako, usijue?" Akatazama dirishani. "Yeye alijifanya hafanyi kitu. Mimi nikajifanya sisikii kitu. Tulielewana vizuri sana."

"Sasa kwa nini ulitaka kututoa?"

Akaikunja ramani polepole. Miti ikapita, mti kwa mti.

"Masika nilipanda humu kwenda kukagua mipaka. Kiti kilikuwa cha baridi," akasema. "Nikakaa nikingojea mkono wake. Ningekwambia nini, shemeji? Naomba uniwashie makalio kama alivyokuwa anafanya marehemu? Nikaona heri nisilione tena gari hili."

Nikampa kopo la kahawa.

Ndugu zangu mnaosoma, mtu akikichukia kitu chako ghafla, usikimbilie kumwita adui. Huenda humo ndani kuna kitu alikuwa anapewa, kimekatika, na hana mdomo wa kukiomba. Na yule anayejisifu hasikii baridi, mchunguzeni kwanza nani anamwashia moto.

Evert ananing'ang'ania mpaka leo asiambiwe mtu. Nami nimemwapia simwambii mtu yeyote kijijini.

Nyinyi siyo wa kijijini.

Siku hizi nawasha darajani. Ila akinitania kuhusu uendeshaji wangu, siku hiyo anangoja mpaka kanisani.